Msimu wa Kwanza Bila Loris

Siku mume wangu alipotundika daluga, mwenye bucha wa mtaani kwetu alifunga duka kabla ya adhuhuri na kubandika karatasi mlangoni: Tumekwenda kumuaga Loris. Hakuwa peke yake. Castelfosco nzima ilihamia uwanjani Jumapili ile ya Mei, hata wale ambao kwao mpira ni kelele za watu wasio na kazi. Padri alisogeza misa mbele. Meya na mpinzani wake aliyeshindwa kwenye uchaguzi walikaa viti vinavyofuatana na kupeana mikono mbele za watu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Loris Tamburrini alikuwa beki wa kati wa timu yetu kwa misimu kumi na tisa, na mingi ya hiyo alikuwa nahodha. Alizaliwa kwenye nyumba iliyo nyuma ya goli la kaskazini. Mipira iliyopaa ilikuwa ikiangukia kwenye nyanya za mama yake, na mama huyo hakuirudisha bila kwanza kumtukana aliyeipiga. Timu kubwa zilimtaka mara mbili. Mara ya kwanza alikataa kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Mara ya pili mama alishafariki, na watu walipomuuliza sababu akasema huko kaskazini ukungu umezidi. Mimi niliyekuwa naye ndani ya nyumba najua kwamba ile mara ya pili alipakia sanduku, akalikalia kitandani muda mrefu, kisha akalipakua shati moja moja na kuniomba nisimuulize kitu.

Uwanjani alicheza kwa mdomo zaidi kuliko kwa miguu. Tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho alikuwa akipiga kelele: toka, panda, mwachie, geuka. Makipa waliopita kwetu walisema ungeweza kudaka ukiwa umefumba macho, mradi masikio yako mazima. Akirudi nyumbani alikuwa hana sauti mpaka Jumanne, na hizo ndizo siku mbili za juma nilizokuwa nikipata nafasi ya kuongea.

Siku ya kuagwa kila mtu alilia isipokuwa yeye. Alizunguka uwanja, akapokea maua na sahani ya fedha yenye jina lake, akanyanyua mkono, akaja nyumbani, akaingia kwenye beseni la kuogea na kukaa humo mpaka maji yakapoa. Nilipogonga mlango akasema anasikiliza goti lake linasemaje.

Kiangazi tulikivuka salama. Mwenyekiti wa klabu, mwenye kiwanda cha viatu, alitaka kumvalisha suti awe anawapokea wageni siku za mechi. Loris akalijaribu koti, akajitazama kwenye kioo, akasema anafanana na mtu anayepeleka jeneza. Kaka yangu Ivano ana gereji ya matrekta, akampa kazi za asubuhi. Loris hakujua hata kufungua tangi la oili, lakini wateja waliongezeka. Watu walikuwa wakileta matrekta mazima kabisa ili wapate kupiga soga na nahodha, na Ivano alilazimika kuyapangusa na kuyarudisha.

Tatizo lilianza Septemba, Jumapili ya kwanza ya ligi. Mimi nilijiandaa kwenda uwanjani kama kawaida. Yeye akasema anabaki, atapaka rangi madirisha ya mbao. Niliporudi nikakuta dirisha moja limepakwa nusu, brashi imekauka, na mume wangu yuko kwenye banda la nyumbani, ndani ya gari letu, vioo vimefungwa, anasikiliza mechi kwenye redio. Alijificha humo ili majirani wasimsikie. Tulikuwa tumefungwa mbili kwa bila, na alikuwa amelowa jasho utadhani yeye ndiye aliyecheza.

Sasa nieleze habari za Tazio, maana bila yeye hakuna hadithi.

Baada ya Loris kuondoka, kitambaa cha unahodha kilikuwa kama chakula kilichoanguka sakafuni: kila mtu alikiona, hakuna aliyetaka kukiokota. Kipa Manlio alisema umri umemtupa mkono. Kiungo mmoja alisema mke wake ni mjamzito, na mpaka leo hakuna aliyeelewa mimba ile ilihusianaje na kitambaa. Kocha Gualtieri akamfunga nacho Tazio Bellagamba, beki mwenzake Loris, kijana wa milimani kutoka ukoo wa wafuga nyuki. Mpole mno. Alikuja mjini akiwa na miaka kumi na saba, hajui mtu, na Loris akamleta kwetu kula. Tangu siku ile kila Alhamisi alikuwa na sahani yake mezani. Alizungumza kwa kunong'ona, kwa kuwa nyumbani kwao, alisema, nyuki hawapendi mtu wa makelele. Mimi ananiita shemeji. Loris naye, Tazio alimwita kapteni hata wakiwa wanamenya karanga.

Kitambaa kile alikivaa kama mtu aliyevalishwa saa ya marehemu. Kila dakika alikigusa. Tukafungwa mechi ya pili, tukatoka sare ya tatu, tukafungwa tena. Na kila tulipofungwa, jukwaa la mashabiki wakali lilianza kuimba jina la mume wangu. Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wamezoea. Lakini fikiria wewe ni Tazio, uko chini pale, unafuta tope usoni, na watu elfu tatu wanamwimba mtu mwingine.

Loris alivumilia mpaka Oktoba. Kisha akaanza kupitia mazoezini akitoka gereji, kwa dakika mbili tu, alisema. Mara ya kwanza alisimama nje ya uzio. Juma lililofuata alikuwa ndani ya uzio. Halafu alikuwa pembeni ya uwanja na filimbi mfukoni. Kocha Gualtieri, mtu mzuri lakini mgeni mjini, hakuthubutu kumwambia neno. Siku za mechi Loris akapata pa kusimama kwenye mlango wa kutokea wachezaji, hatua chache nyuma ya benchi, na walinzi walimpisha kwa heshima zote. Alirudi nyumbani akiwa hana sauti, na mimi nilifurahi kumwona amechangamka. Nilifikiri amepata dawa yake.

Kumbe wachezaji walikuwa wakicheza shingo upande. Kila walipopata mpira walimtupia jicho yeye kwanza. Akitikisa kichwa, wanaurudisha nyuma. Akinyoosha mkono, wanaupiga mbele. Tazio naye alikuwa akitazama hukohuko.

Jambo lenyewe lilitokea Novemba, tukicheza nyumbani na Sanvero. Ilikuwa bila kwa bila, mechi inaelekea ukingoni. Mpira mrefu ukapigwa kuelekea goli letu. Tazio alikuwa ameshauona, anarudi nyuma taratibu, amemwashiria Manlio abaki golini kwani atautoa kwa kichwa. Manlio akatulia. Ndipo sauti ikatoka pembeni: "Toka!" Kwa miaka kumi Manlio alikuwa ameitii sauti ile, na miguu yake ikaitii tena kabla hajafikiri. Akatoka mbio, akamgonga Tazio mgongoni, wote wawili wakaanguka, na mpira ukadunda, ukajiviringisha polepole mpaka wavuni, hakuna hata adui aliyeugusa.

Tukafungwa moja. Tazio alinyanyuka mdomo unavuja damu, na jukwaa likaanza: Loris, Loris. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba nahodha mpya na kipa wake hawaelewani. Kwenye mabaa walisema kijana hana damu mwilini. Hakuna aliyetaja ile sauti. Pengine katika kelele zile wengi hawakuisikia. Mimi nilikuwa nimekaa jukwaani, juu tu ya benchi la timu, na sauti ile naijua kuliko ninavyoujua mlio wa simu yangu.

Jumatatu mchana Tazio alikuja nyumbani bila taarifa, siyo siku yake. Mdomo umevimba, ameshonwa nyuzi mbili. Nilikuwa nimeoka sungura kwa majani ya shamari mwitu, nikamwekea sahani. Hakushika uma.

"Kapteni," akasema, "nina jambo."

"Kapteni ni wewe sasa," Loris akamjibu bila kuinua uso. "Mimi niite fundi trekta."

"Sawa. Basi kama kapteni ni mimi, nakuomba usije tena uwanjani."

Niliacha kukata mkate. Loris akainua uso polepole.

"Kocha kakutuma?"

"Kocha anakuogopa. Na mimi nakuogopa. Nimekuja mwenyewe."

"Kwa sababu ya lile goli."

"Siyo goli tu, kaka. Mpira ukija, macho yao yanakwenda kwako kwanza, na yangu yanakwenda hukohuko. Siwezi kuwaongoza watu wakati wote pamoja na mimi tunamsubiri mtu mwingine aseme."

Katika miaka yote ya kula kwetu sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Loris alimtazama muda mrefu. Nilimjua mume wangu, nikangoja mlipuko.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Sijui. Nitakwambia."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kula. Sungura anapoa."

Wakala. Sijawahi kuona watu wakitafuna kwa shida namna ile. Tazio aliomba ruhusa kabla ya kahawa, akanishukuru, na mlangoni akasimama kana kwamba amesahau kitu, halafu akaenda zake.

Mlipuko ulikuja baadaye. Loris akasema huyo ni mtoto ambaye yeye Loris alimfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, akamlisha, akampeleka kwa daktari wa meno. Akasema sasa amefukuzwa kwenye uwanja ambao mipira yake iliharibu nyanya za mama yake. Akasema na mimi nimekaa nimenyamaza, nimemwekea sungura. Nilimwacha amalize yote. Kisha nikamwambia kitu kimoja: jana nilikusikia. Ulisema toka.

Akaniuliza kama wengine walisikia. Nikamwambia sijui ya wengine, nazungumza ya masikio yangu. Akatoka nje, akaanza kurekebisha lango la bustani ambalo halikuwa na ubovu wowote, na jua lilipotua alikuwa bado analirekebisha.

Hatukuongea vizuri kwa siku kadhaa. Lakini Jumapili ilipofika hakwenda uwanjani, wala iliyofuata, na hata redio ya kwenye gari hakuiwasha tena. Mjini walimuuliza. Kila bao tulilofungwa lilimletea maswali mapya. Aliwaambia goti linamsumbua, ngazi za uwanja zinampa tabu. Hakumwambia mtu hata mmoja kwamba Tazio ndiye aliyemkataza. Siku moja muuza kahawa wa baa yetu alianza kumsema Tazio, kwamba ni nahodha wa kubeba sinia la chai. Loris akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akatoka. Tangu siku ile alikuwa akitembea mpaka ng'ambo ya daraja kunywa kahawa mbaya ya bibi mmoja asiyejua chochote kuhusu mpira.

Na Jumapili zenyewe angezifanyia nini? Ginevra, binti yetu, alikuwa na miaka kumi na tano na alicheza mpira wa wavu kwenye timu ya shule. Mechi zao zilikuwa Jumapili. Baba yake hakuwahi kuona hata moja. Nilimwomba ampeleke, nikafikiri itamtoa mawazo.

Walirudi jioni, mtoto amevimba mashavu. Ikaelezwa kwamba baba alianza kupiga kelele tangu mpira wa kwanza, akawaelekeza wasichana wa timu zote mbili pamoja na mwamuzi. Kwenye mapumziko Ginevra alipanda mpaka kwenye viti na kumwambia mbele ya wazazi wote: "Baba, ukifungua mdomo tena utasubiri kwenye gari." Loris akakalia mikono yake mechi nzima. Alipokuwa akinisimulia alicheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba, halafu akaacha kucheka ghafla na kusema yule mtoto anaanzisha mpira vizuri sana, ana mkono wa ajabu, kwa nini hamkuniambia? Nikamjibu kwamba tulimwambia kila juma kwa miaka minne. Akaenda kugonga mlango wa Ginevra, nikasikia anaomba aonyeshwe jinsi unavyoshikwa ule mpira.

Tangu hapo hakukosa mechi zake. Alikaa kimya, amefunika mdomo kwa skafu.

Timu nayo ilianza kubadilika, ingawa mwanzoni hakuna aliyetaka kukiri. Tazio hakujifunza kupiga kelele. Alikuwa anamfuata mchezaji mmoja mmoja, anamshika shingo, anamnong'oneza, anarudi mahali pake. Mpira wa kona ukipigwa, alinyanyua mkono tu, na wengine wakajipanga. Wachezaji walizoea kumtafuta kwa macho badala ya masikio. Nilikuwa kwenye basi la mashabiki siku tuliyoshinda ugenini kwenye mvua, goli la Tazio mwenyewe kwa kichwa, na alipolifunga hakukimbia popote. Alisimama, akagusa kitambaa, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jambo la nyumbani. Mzee mmoja kwenye basi alisema kijana huyu si mbaya. Ilikuwa Februari, na hiyo ilikuwa sifa ya kwanza niliyosikia.

Nikirudi nyumbani Loris hakuniuliza matokeo, aliyajua kwa sura yangu. Aliniuliza kitu kimoja tu: Tazio amechezaje? Na mimi nilimweleza kila nilichokiona, akisikiliza huku anamenya viazi au anafunga kamba za viatu vya Ginevra.

Tangu ile Jumatatu, Alhamisi Tazio hakuja tena kula. Niliweka sahani yake majuma mawili, kisha nikaacha. Wote wawili walikuwa wanaona aibu, kila mmoja akifikiri mwenzake amekasirika.

Ikafika Mei. Ilibaki mechi moja, nyumbani. Tukipata sare, na timu iliyokuwa chini yetu isishinde kwenye mechi yake, tunabaki kwenye daraja letu. Tukifungwa, tunashuka. Ijumaa ya juma lile nilikuwa saluni kwangu, nasuka nywele za bibi harusi, nikaona Tazio amesimama mlangoni kati ya akina mama. Akasema anataka kunyolewa. Nywele zake huwa anajinyoa mwenyewe kwa mashine, na zilikuwa fupi tayari. Nikamkalisha, nikamfunga taulo, nikamwagia maji ya moto kichwani.

"Shemeji," akanong'ona macho yamefumba, "mwambie aje."

"Wapi?"

"Uwanjani. Asije benchi, aje tu. Sasa hawatamwangalia."

"Na wewe?"

Alifikiri, povu linamteremka sikioni. "Mimi nitamwangalia," akasema, "lakini mechi ikiisha."

Nilimpelekea mume wangu ujumbe kama ulivyo. Alikataa papo hapo. Alisema ataleta nuksi, kwamba timu imezoea bila yeye, kwamba goti kweli linamuuma. Nilimwacha na sababu zake. Jumamosi asubuhi, tukiwa tunakunywa kahawa, akauliza kama kwa bahati mbaya: hivi mtu akienda, anakaa wapi? Kwa mwenyekiti hataki, atapewa suti. Mlangoni pa wachezaji haiwezekani. Ikanijia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukaa kwenye uwanja ule. Tangu utotoni alikuwa ama akiokota mipira au akicheza.

"Kaa na mimi," nikamwambia.

Kiti changu kiko kwenye jukwaa la jua, mstari wa nane, pembeni ya Iolanda. Iolanda ana miaka themanini na ushee, alishona viatu kiwandani maisha yake yote, na huja na mto wake wa kukalia, redio ndogo ya kufuatilia mechi nyingine, na mfuko wa zeituni zilizojazwa nyama na kukaangwa ambazo hampi mtu mpaka mapumziko. Loris alipofika, mstari mzima ulisimama kumshika mkono. Iolanda hakusimama. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema:

"Keti, mwanangu, unanizibia."

Akaketi. Wale mashabiki wakali walikuwa wameshamwona. Jina lake likaanza kuimbwa, likapanda, likazunguka uwanja. Akasimama tena, Iolanda akaguna, na yeye akawageukia wale vijana na kuwapungia mikono miwili: hapana, hapana. Kisha akawanyooshea uwanja, ambako Tazio alikuwa anarusha sarafu na mwamuzi. Hawakuelewa mara moja. Wimbo ulikatika vipande, ukafa vibaya, kukawa na kimya cha aibu. Halafu mtu mmoja akaanzisha wimbo wetu wa zamani wa klabu, na watu wote wakaupokea.

Loris akafungua mdomo aimbe nao, na hapo nikagundua kitu ambacho kilinifanya nimshike mkono: hakuyajua maneno. Alikuwa akiusikia wimbo ule miaka ishirini, lakini kutoka chini, ambako ni ngurumo tu. Alidhani tunasema "Fosco ya chuma". Tunasema "Fosco ya mama". Iolanda akamsogelea, akamwimbia sikioni ubeti mzima kwa sauti yake ya kukwaruza, akamgonga goti kumwonyesha mahali pa kupiga makofi. Aligonga lile bovu.

Mechi yenyewe ilikuwa mbaya. Nitakuwa mwongo nikiipamba. Timu zote mbili ziliogopa, mipira ilipigwa angani na kushuka, nyasi zilikuwa kavu. Kipindi cha kwanza Tazio aligongana vichwa na mshambuliaji wao, akafungwa bandeji kama kilemba, akarudi. Kipindi cha pili walitushambulia bila kupumzika. Loris alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu mpaka pete ikanichoma. Kila mpira ulipoingia eneo letu nilisikia pumzi yake inakatika, lakini hakupiga ukelele wa amri hata mmoja. Dakika ya sabini hivi akanigeukia, uso umempauka.

"Huwa ni ndefu hivi?" akauliza.

"Siku zote."

"Na hamna la kufanya."

"Hamna."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unakaa hapa, hivi?"

"Na mtoto tumboni mwaka ule tuliopanda daraja."

Alitikisa kichwa, akanibusu kwenye mkono pale pete ilipochoma. Iolanda akatuambia tuangalie mpira.

Ikaisha bila kwa bila. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu ile mechi nyingine ilikuwa bado haijakwisha. Wachezaji wetu walikaa chini katikati ya uwanja, na uwanja mzima ukageukia mstari wa nane, ambako Iolanda alikuwa amebana redio sikioni na mkono mwingine ameunyanyua tusiseme neno. Nilimwona kocha Gualtieri ameukodolea macho mkono ule wa bibi kizee. Ukakaa hewani, ukakaa, halafu ukashuka, akazima redio na kufungua mfuko wa zeituni.

"Wamefungwa," akasema. "Chukueni, zimebaki saba."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Wachezaji walikuja mpaka chini ya jukwaa letu, Tazio mbele na kilemba chake chenye damu. Alipandisha macho mstari kwa mstari mpaka akatupata. Loris alikuwa amesimama juu ya kiti kama mtoto, analia waziwazi, kilio alichokibana tangu Mei ya mwaka uliopita. Hawakuitana. Tazio aliweka mkono juu ya kitambaa, Loris akapiga makofi, na nyuma yetu jukwaa likaanza kuimba Tazio, Tazio, kwa mara ya kwanza, bila mpangilio, kila mtu na mdundo wake, kwa kuwa jina lile lilikuwa halijawahi kutafutiwa wimbo.

Alhamisi alikuja kula. Nilipika tambi za kuoka zenye nyama na jibini, tabaka juu ya tabaka, sinia zima. Nilitegemea watasemezana mambo mazito, nikamwambia Ginevra tuwaache wawili. Tulipokuwa jikoni nikasikia sauti ya mume wangu, imekauka bado tangu Jumapili, inauliza kwa uchungu wa kweli kwa nini kwenye dakika ya themanini, na nafasi yote ile upande wa kulia, Tazio aliupiga mpira nje.

"Kaka, nilikuwa naona nyota," Tazio akajibu. "Nimeshonwa nyuzi sita."

"Sisi kule juu tulikuwa tunakufa."

"Sisi nani?"

"Sisi wa mstari wa nane," Loris akasema.

Halafu nikamsikia Tazio anacheka kwa sauti, kicheko kikubwa ambacho hatukujua anacho, mpaka Ginevra akachungulia kuona kuna nini. Loris alikuwa amekasirika, amesukuma sahani, anamngoja amalize kucheka ili ajibiwe swali lake.